Kaburi la Mtoro

Nyamisati,
3 Septemba 2024

Shemeji Yosti,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi yako. Sisi huku wazima, ukiondoa hayo maji ya Aprili ambayo nadhani hata kwenu yalitangazwa. Mimi Mwamini ndiye ninayeandika, kwa mkono wangu. Mwanangu Ashrafu aliniambia nikutumie ujumbe wa simu, nikamkatalia. Wewe masikio yamekufa, kupiga haifai, na mambo ya makaburi mimi siyaandiki kwa dole gumba.

Maji yalikaa Kilumbi, kule mashambani ng'ambo ya mto, wiki saba. Yalipotoka yakaacha tope la kufika kiunoni. Dungu letu la kulindia mpunga hakuna tena. Ile miti mitatu ya mivumo ya juu ya shamba umebaki mmoja, ule uliopinda. Na kaburi la mume wangu halionekani. Nilikwenda na Salima, tukawa tunachoma tope kwa fimbo kutafuta vile vibao viwili vya mkoko, kutwa nzima. Tulirudi na matope yetu.

Kwa kuwa mipaka yote imefutika, serikali ya kijiji imepima mashamba upya. Kipande cha juu, chenye kaburi, kimeangukia kwa Abubakary, yule aliyenunua shamba la marehemu Ismaily. Si mtu mbaya. Alikuja hapa barazani, akakaa kwa adabu, akasema, "Mwalimu, miye sina ugomvi na maiti. Nionyeshe alipolala mzee, n'taacha hatua kumi kila upande. Lakini siwezi kuacha shamba zima kwa kubahatisha." Pawatila yake inaingia kulima mwezi wa kumi na mbili.

Mliomzika Mtoro mlikuwa watatu: Nasibu, Ismaily na wewe. Wawili wametangulia mbele ya haki. Mimi nilikuwa ndani ya eda, sikutoka mpaka mwezi wa nane, na wewe ndiye uliyenipeleka ukanionyesha. Sasa imebaki ile picha yako, yenye mivumo mitatu na dungu na kaburi. Umekaa kwetu miaka kumi na minane ukichora matope na mikoko, na hukunipa hata picha moja ya kutundika ukutani. Sikukudai. Leo nakudai hiyo. Ipige picha uilete, tupime kutoka kwenye mvumo uliobaki.

Pia uandike kwa mkono wako kwamba ulikuwepo siku ile na kwamba amelala hapo. Nurdini, mtendaji wetu wa kijiji, anataka shahidi aliyeona, na duniani umebaki wewe.

Shemeji yako,
Mwamini binti Ally


Harlingen, Uholanzi,
30 Septemba 2024

Mwalimu wangu, Shemeji Mwamini,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilipouona mwandiko wako nilikaa wima kama wanafunzi wako wa darasa la pili. Ukiona kosa humu, tia kalamu nyekundu, nimezoea.

Nimesikitika kwa dungu na kwa mivumo. Mimi naishi kwenye nyumba ya wazee. Dirisha langu linatazama tuta la bahari, limenyooka toka mwanzo mpaka mwisho, na chini yake kuna mfereji wenye namba. Kwetu hata mfereji una namba. Baba yangu alikuwa akilinda malango ya maji: akifungua, ng'ombe wa watu wanalowa, akifunga, wanakauka. Nilikulia humo, nikajifunza kuchora humo, na kila nilichochora kilikuwa mstari. Unakumbuka nilivyofika Nyamisati mwaka 2001? Nilikosa boti ya Mafia, nikakaa siku tatu kungoja nyingine, nikauona mto wenu unavyohama bila kumwomba mtu ruhusa. Ile boti ilipokuja sikupanda. Mtoro alinikuta nimekalia boriti zake, nachora. Akaniambia niinuke, anataka kupakia. Jioni ile ile nikawa nakula wali kwenu.

Miaka yote ile nilichora juu ya plaiwudi zilizobaki kwa mafundi wa boti, na Mtoro ndiye aliyeniletea. Huku Ulaya waliozitazama walisema nina kahawia nyingi mno. Niliwaambia waende wakalalamike kwa mto.

Picha unayoitaka ipo. Imetundikwa mbele ya kitanda changu. Bwana mmoja alitaka kuinunua mara mbili, nikakataa. Muuguzi ameipiga picha na nimeiweka humu ndani. Katika picha, kaburi liko mbele ya mvumo uliopinda, upande wa machweo.

Mkono wangu unatetemeka siku hizi, nisamehe kwa kukatiza. Nisalimie watoto, Salima na Ashrafu.

Wako,
Yosti


Nyamisati,
24 Oktoba 2024

Shemeji Yosti,

Allah akulipe. Picha imefika, haina hata mkunjo.

Tulikwenda Kilumbi Jumamosi: mimi, Salima, Nurdini na Abubakary. Nurdini aliishika picha, Abubakary akapima kwa hatua kutoka kwenye mvumo. Kwa picha yako, kutoka mvumo mpaka kaburi ni urefu wa dungu moja na nusu, na urefu wa dungu letu naujua mimi niliyelifagia. Tumechomeka boriti nne kwenye pembe. Tumemsomea Yasini hapo hapo tukiwa tumesimama matopeni, na Abubakary akaitikia dua kama wa nyumbani. Shemeji, tangu Aprili nilikuwa silali. Siku ile nimelala mpaka Salima akaja kunigusa akidhani nimekufa.

Sasa sikiliza. Picha nimeiona, karatasi ya ushahidi sijaiona. Nimetikisa bahasha, nimeipasua pembeni, haimo. Najua umri, umesahau. Iandike sasa.

Naitaka kwa sababu hii. Hatua kumi za Abubakary ni za hisani, na hisani hairithiwi. Akifa yeye, wanawe watalima. Kwa hiyo nimempa maneno mengine: yeye achukue shamba langu la chini, ekari mbili zilizotandikwa tope jipya, pale ambapo hata ukidondosha ufagio unaota. Mimi nichukue kipande cha juu chenye kaburi. Kule juu ni mchanga, mpunga unatoka njano, unajua. Abubakary aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia ninayo.

Nimetimiza miaka sitini na sita. Nimewausia Salima na Ashrafu kwamba siku yangu ikifika wasinipeleke makaburini hapa kijijini. Wanivushe Kilumbi, wanilaze ubavuni kwa Mtoro. Tuliishi pamoja miaka ishirini na sita na sikumuaga. Alikwenda shambani Jumatatu na homa kidogo, Alhamisi nikaletewa habari kwamba mmeshamzika kwa sababu maji yamefunga njia. Basi angalau huko mbele tuwe jirani.

Baraza la kijiji linakaa tarehe ishirini Desemba kuandikisha kubadilishana. Nurdini hasaini bila neno la shahidi.

Shemeji yako,
Mwamini


Harlingen,
11 Novemba 2024

Shemeji Mwamini,

Nimefurahi kwamba umelala.

Nakuomba usitoe shamba la chini. Watoto wako watakula nini? Abubakary ameahidi hatua kumi, ni mtu wa neno, mwachie hivyo. Dua inafika popote, wewe mwenyewe ulinifundisha. Na kuhusu kuzikwa, makaburini kijijini kuna mama yako na dada zako, si pabaya.

Karatasi, tafadhali nipe muda. Afya yangu si nzuri na daktari ananikataza mambo mazito.

Yosti


Nyamisati,
26 Novemba 2024

Bwana Yosti,

Barua yako imekuja haraka, pengine kwa sababu haikuwa na uzito.

Nimemsomea Salima. Akasema, "Mama, huyo mzee anaumwa, mwache." Nikasema mkono huo unaoumwa umeweza kuandika mistari sita ya kunishauri, ila mstari mmoja wa kusema alimzika rafiki yake hauandikiki?

Nimekaa nikafikiri, na nadhani nimekuelewa. Ulitusimulia mwenyewe, Mtoro akiwa hai, kwamba kwenu kaburi hukodishwa kwa miaka, na muda ukiisha usipolipia linafunguliwa na kupewa mwingine. Ukasema la mama yako liliondolewa ukiwa huku kwetu, ukapata habari kwa barua. Mtoro aliacha kula. Alikuhurumia sana siku ile. Basi kwako kaburi ni kitu cha kupita, na unaniona mimi bibi mjinga anayetupa ekari mbili kwa ajili ya udongo. Ungesema tu. Tumekula chungu kimoja miaka kumi na minane, sikutegemea unidharau kwa upole.

Nimekuandikia karatasi mwenyewe, imo humu. Inasema: "Mimi Joost Terpstra nilikuwepo kwenye maziko ya Mtoro wa Kilumbi, Machi 2009, na amelala mahali palipoonyeshwa kwenye picha." Huna haja ya kusumbua mkono. Tia saini, irudishe kabla ya tarehe ishirini. Usipoirudisha nitakula kiapo mwenyewe mbele ya baraza kwamba ndipo alipo, kwa sababu ulinionyesha wewe na nakuamini.

Mwamini binti Ally


Harlingen,
9 Desemba 2024

Mwamini,

Barua hii nimeilipia iende haraka, nayo itafika kwa mkono wa Ashrafu kutoka Dar. Karatasi yako imo humu. Sikuitia saini. Nisome mpaka mwisho, kisha ufanye utakalo.

Usile kiapo. Mtoro hayumo kwenye lile kaburi. Hakuna mtu mle.

Siku aliyofariki, maji yalikuwa yamejaa na mtumbwi uliokuwepo ulikuwa mdogo, usingebeba jeneza kwenye mkondo ule. Nasibu alisema tumzike juu, penye mivumo. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mchanga wa juu ni mlegevu, udongo wa chini karibu na ukingo ni mgumu na utashika. Nikawaeleza habari za baba yangu na malango yake. Walinisikiliza kwa sababu nimezaliwa kwa watu wanaoishi chini ya usawa wa bahari na hawalowi. Tukamzika chini, hatua thelathini kutoka mtoni. Nasibu na Ismaily walimwosha, wakamswalia, mimi nilisimama nyuma na jembe. Lilikuwa kaburi zuri, limechimbwa sawasawa. Hilo ni kweli.

Wiki tano baadaye, wewe ukiwa edani, mto ulimega ukingo. Tulipofika tulikuta umekatwa wima kama mkate. Kaburi na hatua zote thelathini yalikuwa maji. Tulizunguka kwa mtumbwi siku mbili, tukashuka mpaka penye mikoko. Hatukupata hata ubao.

Ismaily alitaka tukuambie. Nasibu akasema, "Mwanamke yumo edani, hajamaliza kumlilia mume, tukamwambie na kaburi limekwenda? Siye hatuna moyo huo." Mimi nilichukua jembe nikaanza kukusanya udongo penye mvumo uliopinda, pale pale Nasibu alipopataka mwanzo, na wao wakanisaidia. Vibao viwili vya mkoko nilivichonga mimi, nikavipaka tope vionekane vimekaa siku nyingi. Julai nikaichora ile picha, humo nikaliotesha kaburi nyasi za rangi kabla lenyewe halijaota jani, ili siku ukiiona usiulize. Ndiyo maana sikuiuza. Ndiyo maana pia sikukupa.

Ulipotoka edani nilikupeleka. Ulikaa chini, ukaweka kiganja kwenye udongo, ukaanza kumsimulia habari za Salima na shule. Hapo ningesema. Nilitazama mto. Kila mwaka baada ya hapo ikawa ngumu zaidi, na mwaka 2019 ugonjwa wa moyo uliponirudisha huku, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba nimekuwa mbali na lile kaburi.

Sikudharau, Mwamini. Barua iliyoniambia la mama yangu limeondolewa ninayo mpaka leo. Nilijua ninachokuficha.

Usitoe shamba lako la chini. Usizikwe pale peke yako.

Nimekuwa mwoga miaka kumi na mitano, na ningeendelea kama usingetaka kulala pale.

Yosti


Nyamisati,
2 Machi 2025

Yosti,

Umengoja jibu karibu miezi mitatu. Ulistahili kungoja.

Ashrafu aliileta barua yako tarehe kumi na saba Desemba. Niliisoma nikiwa nachambua mchele. Nilimaliza kuuchambua, nikauosha, nikaupika, tukala. Kisha nikaingia ndani, sikutoka siku tisa. Salima alidhani ni malaria. Nilikuwa nimeanza kulia upya, kilio kile kile cha mwanzo, kana kwamba hakuna siku iliyopita katikati. Huwezi kujua ulichonifanyia. Watu wengine mume hufa mara moja.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yenu watatu ilikuwa ndefu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitembea, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na kitabu cha Yasini mkononi, na jembe dogo la kung'oa magugu. Nimepalilia kaburi tupu miaka kumi na mitano! Nimelipaka chokaa kila Shaabani. Nimeliambia mambo ambayo sikumwambia mtu. Nasibu alikuwa akinipita pale kwenye mtumbwi wake, ananipungia mkono, naye anajua. Amekufa nikamlilia, na sasa nina hasira naye na sina pa kuipeleka, kwa hiyo naileta kwako.

Baraza halikukaa. Nilimtuma Salima kwa Nurdini aseme mimi mgonjwa. Nilipopata nguvu nikaenda kwa Abubakary mwenyewe na barua yako, nikampa asome. Alisoma polepole, akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema, "Mwalimu, hili neno tunalijua miye na weye tu. Zile hatua kumi nimeshaziacha. Ukitaka ziendelee kuwa kaburi, zitaendelea, na shamba lako la chini silitaki tena."

Nilimtazama yule kijana wa watu. Maneno yale yale, huruma ile ile ya Nasibu. Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu. Nimeshadanganywa kwa wema mara moja, inatosha. Ng'oa boriti zako ulime."

Alilima tarehe nne Januari. Nilivuka nikaenda kutazama. Nilisimama penye mvumo, na pawatila ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, ikapita pale tuliposoma Yasini. Haikukwama. Udongo ulipinduka tope na mchanga, safi, hauna kitu. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikiuona hivyo nitaamini, na nimeamini.

Maalim Abdulrazaq aliniambia nisihuzunike, dua humfuata mtu haifuati udongo. Nikamwambia hilo nalijua, maalim, nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini. Lakini miguu yangu ilikuwa na njia, na sasa ikifika Ijumaa naikuta imesimama uani haijui iende wapi.

Shamba la chini ninalo. Mpunga umefika magotini. Kule juu wa Abubakary umetoka njano, kama nilivyosema.

Wasia wangu nimeubadilisha. Watanizika hapa kijijini, karibu na mama yangu, kama ulivyonishauri. Nilipokuwa nakutukana kwa ushauri ule sikujua ulikuwa unanivuta shati nisitumbukie. Hilo nalikiri, kwa kuwa ni haki yako.

Unataka kujua kama nimekusamehe. Kwa kumzika chini, nimesamehe. Mto humshinda hata aliyezaliwa ndani yake, na Mtoro mwenyewe angekusikiliza, alikuwa akikuona una akili kuliko ulivyo. Kwa kunyamaza, sijasamehe bado. Najaribu. Baadhi ya siku naamka nimeweza, ikifika adhuhuri imeniponyoka. Nitaendelea kujaribu, na wewe endelea kuishi ili nisijaribu bure.

Ila nina jambo moja nakuamuru, si ombi, na hili usiliambie mkono wako unatetemeka. Andika leo, umpe huyo muuguzi wako aweke. Siku utakapokufa, waniletee barua. Waniambie kweli tupu mahali walipokulaza: mji gani, mstari gani, namba ngapi, hata kama ni majivu, hata kama ni baharini. Wasinichoree. Mlikuwa wanaume wawili mliokula nyumbani kwangu kila siku, na mmoja sitajua alipo mpaka Kiyama. Wewe nataka nikujue ulipo.

Mwamini binti Ally